Mabula, Mume wa Bibi

Darasani kwetu tulikuwa Mabula wanne. Siku ya kwanza mwalimu alipoita jina hilo waliitika watatu tu, kwa sababu mimi niliona aibu. Akatugawa. Mmoja akawa Mabula Mrefu, mwingine Mabula wa Dukani, wa tatu Mabula wa Mbele kwa ajili ya dawati lake, na mimi nikawa Mabula Kimya. Hilo la Kimya nilitembea nalo mpaka darasa la saba. Nilipomaliza shule nililiacha hukohuko, maana nyumbani hakuna aliyekuwa na haja nalo.

Maana ya Mabula kila Msukuma anaijua. Mbula ni mvua. Mtoto wa kiume akizaliwa mvua inanyesha anaitwa Mabula, wa kike anaitwa Kabula, na hakuna anayeuliza kwa nini. Yapo majina mengine ya namna hiyo, ya waliozaliwa wakati wa njaa na ya waliozaliwa wakati wa kulima. Wazee wetu wengi hawajui tarehe zao za kuzaliwa, lakini ukisikia jina la mzee unajua siku ile hali ya hewa ilikuwaje au watu walikuwa wanafanya nini.

Mimi sikuzaliwa mvuani. Nilizaliwa kiangazi, pamba imeshauzwa na watu wanang'oa miti yake mashambani. Jina nililipata kwa kulia.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenisimulia. Babu alikuwa amekufa miezi michache kabla sijazaliwa. Nilipewa kwanza jina la upande wa mama. Nikalia siku tatu na ziwa nikakataa. Wakanibadilishia jina, nikaendelea kulia mpaka kitovu kikavimba. Kwetu mtoto akilia hivyo watu huanza kutazamana, maana husemwa kuna mtu wa ukoo anataka jina lake. Siku ya nne bibi, ambaye tangu mazishi alikuwa haongei na mtu, aliingia ndani, akanichukua kwa mama, akaniambia sikioni, "Mabula, mbona unawasumbua watu?" Nikanyamaza. Halafu nikanyonya.

Kanisani walinibatiza kwa jina lingine. Limo kwenye daftari la parokia, na sijawahi kusikia mtu akiniita kwa jina hilo.

Babu ndiye aliyezaliwa mvuani kweli. Mama yake alikuwa anatoka kukata nyasi za kuezekea, mvua ikamkuta katikati ya mbuga, uchungu ukamkuta hapohapo. Alifika nyumbani na mtoto ndani ya nyasi zile, na nyasi zote zikiwa zimelowa. Alipokuwa mtu mzima, majirani walipenda yeye ndiye apige jembe la kwanza mashambani mwao. Hawakumlipa kitu. Walimpa maziwa mgando, naye aliyanywa akaondoka bila kuaga. Ndivyo ninavyoambiwa. Mimi sikumwona, na picha yake haipo.

Kwa hiyo tangu nikiwa mdogo bibi aliniita mume wangu. Wengi wanaolelewa kwetu wanaujua utani huu, lakini mimi ulinichoma. Wenzangu wakija kunichukua tukachunge, bibi anawauliza, "Mnampeleka wapi mume wangu?" Wao wanaanguka kwa kicheko, mimi najificha nyuma ya vihenge vya nafaka. Akinipakulia ugali ananipakulia wa kwanza, halafu analalamika, "Mume gani huyu? Hana hata mbuzi." Nikivunja kitu anasema afadhali nimevunja changu mwenyewe.

Sasa ninatengeneza baiskeli Bariadi, chini ya turubai la fundi aliyenifundisha kazi. Kwa kuwa siongei sana na mkono wangu ni mpole, fundi alinipa na kazi ya kuandika majina kwenye madigadi, yale mabati ya kukinga matope juu ya magurudumu. Mtu anataka jina lake kwa rangi nyeupe, ili baiskeli ikiibiwa ijulikane. Naandika polepole, herufi moja moja. Mabula nimeiandika mara nyingi sana, na karibu zote ni za wazee. Baiskeli ndogo za watoto zinakuja na majina mengine, ya wachezaji wa mpira, ya kwenye Biblia, ya kwenye televisheni. Siku moja mzee aliniletea baiskeli mbili, yake na ya mjukuu wake. Yake nikaiandika Mabula. Ya mjukuu alinisomea jina kwenye karatasi, akashindwa, akanipa karatasi nisome mwenyewe. Na mimi nikashindwa. Tukacheka wote.

Wakati huo ndipo macho ya bibi yalipoanza kuharibika.

Bibi anaishi Kalemela, katika boma lake, mji uleule alioachiwa na babu, umezungushiwa ua wa minyaa, na kaburi la babu liko kando ya zizi. Anaishi peke yake. Baba ana mji wake ng'ambo ya mbuga, na shangazi ameolewa Nyashimo. Kila asubuhi baba huja kufungulia ng'ombe, jioni huja kuwafungia. Mwanzoni bibi alichagua mawe kwenye mchele kwa kupapasa, tukadhani ni uzee tu. Halafu akawa hamwiti mtu jina mpaka kwanza amsikie akiongea. Mwisho aliungua mkono wa kulia akichochea moto, kidonda kikatoa maji wiki nzima.

Bibi na moto ndiyo habari yenyewe. Babu kabla hajafa alimwambia, "Usiuache moto wa mji huu ukazimika." Bibi alilishika neno hilo. Hakulala kwa mtoto wake yeyote. Shangazi alipojifungua, bibi alienda asubuhi na jioni akarudi. Kila jioni anafukia kaa kwenye majivu, kila asubuhi analifukua na kuliwekea mavi makavu ya ng'ombe na vijiti vya pamba.

Siku moja tukiwa kazini simu ikaita. Alikuwa baba.

"Mabula, madaktari wa macho wanakuja hospitalini hapo kwenu Bariadi. Wiki moja tu. Nimemwandikisha bibi yako."

"Vizuri, baba."

"Vizuri nini? Amekataa. Njoo."

"Nikafanye nini mimi?"

"Sijui. Wewe ndiye mume wake," akasema, akakata.

Fundi wangu aliposikia alicheka mpaka akaweka spana chini. Akanipa siku kumi. "Nenda kaseme na mkeo," akaniambia.

Nilifika mchana. Shangazi alikuwa ameshatangulia, amekaa jikoni na uso wa mtu aliyebishana tangu asubuhi. Bibi alikuwa nje kwenye ngozi ya ng'ombe, anakata michembe ya kuanika kwa kisu, viazi anavishika kwa vidole vilivyofungwa kitambaa.

"Mwadila, bibi," nikasalimia.

"Mwadila. Eee, mume wangu amekuja. Ananuka grisi."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimejipanga njia nzima. Nikamwambia bibi nakuomba, bibi tafadhali, mtoto wa jicho anaondolewa siku moja tu, haiumi, bibi tuhurumie sisi watoto wako. Niliongea maneno mengi kuliko niliyowahi kuongea pale. Yeye akaendelea kukata viazi.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Unanibembeleza kama mtoto anayetaka pipi. Moto ataukalia nani?"

"Baba yupo."

"Baba yako ana moto wake. Mwanaume hashiki mioto miwili. Na huyu aliyejificha jikoni ni mtu wa mji mwingine. Nikiona giza, nitaliona nikiwa kwangu."

Shangazi akatoka jikoni. "Mama, utaungua humo ndani peke yako!"

"Basi mtanizika karibu, hamtachoka kubeba," akajibu bibi.

Jioni shangazi alinivuta nyuma ya nyumba. Alikuwa amekasirika, ila si kwa bibi. Alinikasirikia mimi.

"Wewe ulikuwa unafanya nini pale? Unaomba? Baba yangu alikuwa anaomba?"

"Sijui, sikumwona."

"Hakuomba mtu. Alikuwa anasema jambo mara moja, anakohoa, anaenda kuangalia ng'ombe. Mama anabaki analalamika, halafu anafanya. Mwambie hivyo."

"Shangazi, naona aibu."

"Aibu? Ukiona aibu kesho, yeye hataona kitu kabisa."

Usiku huo sikupata usingizi wa maana. Utani wa mume na mke ulikuwa wa bibi, siku zote. Mimi kazi yangu ilikuwa kukimbia tu. Sikuwahi hata mara moja kumwita mke wangu, na niliogopa nikimwita atadhani ninamcheka, yeye na babu yangu pamoja.

Asubuhi nilichukua kigoda cha babu cha miguu mitatu, nikakiweka kando ya zizi, nikakaa. Bibi akatoka na ufagio, anapapasa njia kwa mguu, akaja kufagia kaburi kama kawaida yake. Alifagia upande mmoja. Upande wa pili majani yalibaki, hakuyaona.

"Mke wangu," nikasema.

Ufagio ukasimama. Masikio yangu yaliwaka moto.

"Kesho utakwenda Bariadi, wakakutazame macho."

Halafu akauliza, taratibu, si kwa sauti ya utani, "Na moto?"

"Moto ni wangu. Nitaukalia mwenyewe."

"Wewe?"

"Nimeshasema."

Nikakohoa. Nikainuka nikaenda kuangalia ng'ombe. Zizini hakukuwa na ng'ombe, baba alikuwa ameshawatoa malishoni. Sikujua nifanye nini, nikasimama nimeshika mti wa zizi, naangalia mavi, mpaka niliposikia bibi anamwita shangazi.

"Nifungie kanga zangu mbili na lile sweta. Mwenye mji ameruhusu."

Waliondoka kesho yake. Nami nikabaki na moto.

Mtu akisikia kukalia moto anaweza kudhani ni kukaa tu. Ni kazi. Kaa likifukiwa sana linakufa, likifukiwa kidogo linaisha kabla ya asubuhi. Ilibidi nijifunze na unyevu wa mavi, kwa sababu yaliyo mabichi kwa ndani yanatoa moshi tu. Majirani walipita kwenye ua kila siku kunichungulia. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akinituma maji nikiwa mdogo, alipiga goti kabisa.

"Shikamoo, babu!"

"Mama, usinifanyie hivyo."

"Itikia, babu. Au na hili la kuitikia umesahau?"

"Marahaba," nikasema, naye akaondoka anacheka mpaka barabarani.

Nilifagia na kaburi. Lilisakafiwa kwa saruji, na aliyelisakafia aliandika kwa kidole kabla saruji haijakauka: MABULA. Basi, hakuna kingine. Mara ya kwanza nilifagia haraka, macho nimeyageuzia pembeni. Si kawaida kufagia jina lako likiwa juu ya kaburi. Siku ya tatu nilichutama nikaliangalia vizuri. Herufi L ilikuwa imelala kidogo na A ya mwisho ilikosa nafasi, ikabanwa ukingoni. Mimi ningeiandika vizuri zaidi, nikawaza. Kisha nikawaza kwamba kuna siku mtu ataiandika yangu, nikainuka nikaenda kuchota maji.

Shangazi alipiga simu siku ya nne. Jicho la kulia lilikuwa limeshafanyiwa kazi, wamelifunga. Akampa bibi simu.

"Mume wangu, huku wanaume wamejaa!" akapiga kelele, maana anadhani simu ni mbali. "Muuguzi ameita Mabula, wamesimama wazee watatu. Nisiporudi usinitafute."

"Sawa, bibi."

"Moto?"

"Upo."

Na kweli ulikuwepo. Siku ya tano alasiri mvua ikanyesha, nayo haikuwa imetegemewa. Nilikuwa nimeenda kuchota maji. Niliporudi mbio nilikuta jiko la bibi limevuja pale ambapo nyasi zimechakaa, na maji yametiririka moja kwa moja mafigani. Nilifukua majivu kwa mikono. Yalikuwa uji. Kaa la mwisho lilikuwa jeusi na baridi.

Nilikaa pale chini nimelowa. Mfukoni nilikuwa na kibiriti. Ningewasha, na hakuna mtu ambaye angejua, moto ni moto. Lakini nilikuwa nimesema moto ni wangu, na nilisema kwa kumtumia babu, ambaye hakuwepo kujitetea. Kama ningedanganya, ningekuwa nimemfanya na yeye mwongo.

Nikachukua kigae cha chungu nikavuka mbuga kwenda kwa baba, matope yakinifika kwenye vifundo. Baba alipoanzisha mji wake alichukua kaa kutoka jiko la mama yake. Hilo nilikuwa nimesimuliwa. Nikamkuta anaota moto.

"Baba, naomba kaa."

Alikiangalia kigae, akaniangalia na mimi. "Umeuzima moto wa babu yako?"

"Mvua."

Baba si mtu wa kucheka ovyo, lakini siku hiyo alicheka. "Mvua imemzimia Mabula moto," akasema. Akanichagulia makaa matatu mazuri, akayafunika kwa majivu, akanivulia kofia yake niyakingie.

Bibi alirudi siku ya nane. Bajaji iliwashusha barabarani, wakaja kwa miguu, bibi amevaa miwani myeusi. Alipofika kwenye ua aliivua. Shangazi akamkataza, hakusikia.

"Minyaa imerefuka hivi?" akasema. "Mlikuwa wapi msiikate?"

Aliingia ndani ya ua taratibu, anaangalia kila kitu kama mtu anayekagua. Sufuria lina masizi. Kihenge kimepinda. Alienda mpaka kaburini, akainama. "Nani amefagia hapa?"

"Mimi, bibi."

"Mwenye kaburi mwenyewe hawezi kulifagia."

Nilijua nikisubiri anywe maji, apumzike, aulize mwenyewe, nitashindwa. Nikasema palepale. "Bibi, moto ulizimika. Mvua ilinyesha sikuwepo. Nikaenda kuomba kaa kwa baba."

Shangazi akaweka mzigo chini. Bibi akanyooka.

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Siku saba, mara moja," akasema, kama anapiga hesabu. "Mimi tangu macho yaharibike moto umenizimikia hata sijui mara ngapi. Naupapasa, kumbe umekufa. Nachukua kibiriti."

"Kibiriti?" shangazi akapaza sauti. "Mama! Na mkono umeuunguza kwa moto wa kibiriti?"

"Ulitaka nivuke mbuga na kigae, kipofu? Nilimwomba radhi hapa hapa," akasema, akionyesha kaburi kwa kidevu. "Yeye alichotaka ni mji usikae bila mtu. Umekaa na mtu."

Kisha akanigeukia. "Njoo nikuone."

Nilisogea. Alinishika kidevu kwa ule mkono wenye kovu, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga, huku na huku. Jicho lilikuwa bado jekundu na linatoa machozi. Mara ya mwisho kuniona vizuri nilikuwa ndiyo kwanza naanza kazi, sina hata ndevu hizi chache. Aliniangalia muda mrefu, nami kwa aibu sikujua macho yangu niyaweke wapi.

"Hufanani naye," akasema. "Hata kidogo. Yeye alikuwa na masikio makubwa. Wewe ni mama yako mtupu."

Akaniachia. Jioni hiyo yote aliniita mjukuu wangu. Mjukuu wangu lete maji, mjukuu wangu kaa hapa. Alinipakulia ugali wa pili, baada ya baba. Kwa miaka mingi nilikuwa nimetamani aache utani ule, na sasa ulipoachwa nilihisi kama nimevuliwa nguo niliyokuwa nadhani inanibana.

Asubuhi nilifunga mzigo kwenye baiskeli, nikaaga, nikaisukuma hadi kwenye mlango wa ua. Nyuma yangu nikasikia, "Mabula!"

Nikageuka. Bibi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, moshi unatoka nyuma yake, ananitazama moja kwa moja.

"Mume gani anaondoka bila kuangalia ng'ombe?"

Nikaiegemeza baiskeli kwenye minyaa, nikarudi mpaka zizini. Baba alikuwa hajawatoa bado. Nikawaangalia mmoja mmoja.